Tuwaombee na Watibeti?



Jumatano ya wiki iliyopita jumuiya yetu ilikutana nyumbani kwa mama mmoja wa Tabata. Tuliimba, tukasoma Neno, ukafika wakati wa kutaja mahitaji ya maombi. Yakatajwa yale tuliyoyazoea: mgonjwa aliyelazwa, kijana anayetafuta kazi, kesi ya kiwanja, safari ya Mbeya. Ndipo binti mmoja anayesoma chuo kikuu, ambaye kwa kawaida huwa msikilizaji tu, akawaamkia wazee na kusema: "Mimi naomba tuwaombee watu wa Tibet."

Kimya.

Mzee wa kanisa aliyekuwa anaongoza, mtu wa miaka sabini na kitu, alivua miwani. "Mjukuu wangu, hao ni Wakristo?"

"Hapana babu. Ni Wabudha."

"Basi tuwaombee waokoke."

"Hilo tunaweza kuliomba, babu. Lakini mimi naomba tuombe pia waachwe waabudu. Kwao mtu anafungwa kwa sababu ya picha ya kiongozi wake wa dini."

Mama mwenye nyumba akauliza kile ambacho naamini wengi wetu tulikuwa tunakiwaza: tumwombe Mungu wetu awape watu nafasi ya kuabudu sanamu? Mzee akanigeukia mimi, kwa kuwa anajua naandika gazetini. "Mwalimu, wewe ndiye msomaji. Jibu."

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nikasema nitalileta. Hili ndilo, na naomba radhi kwamba ni refu kuliko muda wa jumuiya.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Tibet ni uwanda wa juu kuliko yote duniani, kaskazini mwa milima ya Himalaya. Wastani wake ni zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wake mkuu, Lhasa, uko kwenye mita 3,650 hivi. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu na kulala kibanda cha Horombo, kichwa kikimgonga, basi afikirie watu wanaozaliwa, wanaolima shayiri na kuzeeka karibu na kimo hicho. Dini ya Budha iliingia huko karne ya 7, ikashika mizizi katika lugha, katika sherehe, katika namna ya kuzika wafu. Huwezi kumtenga Mtibeti na dini yake kwa urahisi, kama vile huwezi kumwambia bibi wa Marangu au wa Rungwe asherehekee Krismasi bila kanisa.

Oktoba 1950 jeshi la China liliingia mashariki mwa Tibet. Mei 23, 1951 wajumbe wa Tibet walitia saini Beijing mkataba wa vipengele 17. Walitia saini wakiwa hawana nguvu ya kukataa, lakini ndani ya mkataba huo China yenyewe iliahidi kwamba dini na desturi za Watibeti zitaheshimiwa na nyumba za watawa zitalindwa. Shikeni hilo akilini. Hatuzungumzii madai ya wageni. Tunazungumzia ahadi ambayo mwenye nguvu aliitoa kwa mkono wake.

Machi 10, 1959 watu wa Lhasa waliinuka, wakihofia kwamba kiongozi wao, Dalai Lama, kijana wa miaka 23 wakati huo, angetekwa. Siku chache baadaye alitoroka usiku akiwa amevaa kama askari, akavuka milima na kuingia India mwisho wa mwezi huo. Watibeti wapatao 80,000 walimfuata. Mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kutaka haki za watu wa Tibet ziheshimiwe, likarudia 1961 na 1965. Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, ambapo nyumba za watawa kwa maelfu zilibomolewa au kuachwa magofu, na vitabu vitakatifu vikachomwa. Wachina wengine pia waliteseka mno miaka hiyo, makanisa yao yakafungwa. Nalitaja hilo kwa sababu mtesaji hakuwa taifa la Wachina. Ulikuwa utawala uliodhani dhamiri ya mtu ni mali yake.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Basi nije kwa mtoto mmoja.

Katika dini yao, baada ya Dalai Lama, mmoja wa viongozi wakubwa kabisa ni Panchen Lama. Wao huamini kwamba kiongozi wa namna hiyo akifa huzaliwa tena, na wazee wa dini humtafuta mtoto huyo kwa sala na ishara. Mimi siamini hivyo, nawe pengine huamini. Panchen Lama wa 10 alifariki Januari 1989. Mei 14, 1995 Dalai Lama, akiwa uhamishoni India, alimtangaza mvulana aitwaye Gedhun Choekyi Nyima kuwa ndiye. Siku tatu baadaye mtoto huyo na wazazi wake walichukuliwa na maofisa wa serikali. Alikuwa na miaka sita. Hajaonekana hadharani tangu siku hiyo. Mkuu wa nyumba ya watawa aliyeongoza kazi ya kumtafuta naye alikamatwa, na mwaka 1997 akahukumiwa miaka sita jela. Novemba 1995 serikali ilisimamia kuchaguliwa kwa mtoto mwingine, na huyo ndiye anayetambulika rasmi hadi leo.

Umoja wa Mataifa umeuliza mara nyingi: yuko wapi? Mwaka 2020 msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China alijibu kwamba amemaliza chuo, ana kazi, na yeye na familia yake hawapendi kusumbuliwa. Labda ni kweli. Lakini mtu mzima mwenye kazi na shahada hashindwi kusimama mlangoni kwake dakika mbili na kusema, "Niko salama, niacheni." Wewe mzazi unayesoma gazeti hili kabla ya ibada, mtoto wako akichelewa shuleni saa moja tu unajua moyo unavyokwenda mbio. Hii ni zaidi ya miaka 30.

Mwaka 2007 serikali ilitoa amri, ikaanza kutumika Septemba mosi, kwamba hakuna lama atakayetambuliwa kuwa amezaliwa tena bila kibali cha serikali. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Chama cha Kikomunisti kinakataza wanachama wake kuwa na dini yoyote. Chama hichohicho ndicho kinachosema kitaamua nani amezaliwa upya. Julai 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 90, Dalai Lama alisema cheo chake kitaendelea na kwamba taasisi yake ndiyo pekee yenye mamlaka ya kumtambua mrithi. Beijing ikajibu kwamba kibali ni chake.

Tulihamishie hilo kwetu ili lieleweke. Fikiri askofu wako amefariki. Mkutano wa uchaguzi umeitishwa, maombi ya kufunga yamefanyika. Kisha inakuja barua kutoka ofisi ya watu wasiomwamini Mungu: askofu tutamteua sisi, na yule mliyemchagua msiulize alipo. Wakatoliki wa China hawahitaji kufikiri. Suala la nani ateue maaskofu limewagawa kwa miongo mingi, mpaka Vatikani ikafikia makubaliano na Beijing mwaka 2018. Waprotestanti nao wanajua. Kati ya 2014 na 2016 misalaba zaidi ya 1,000 iliteremshwa kutoka mapaa ya makanisa katika jimbo la Zhejiang. Mchungaji Wang Yi wa Chengdu alihukumiwa miaka tisa mwishoni mwa 2019. Mkono unaomfunga mtawa wa Lhasa ndio uliomfunga mchungaji wa Chengdu.

Sitayamaliza yote. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2023 kwamba watoto wa Kitibeti wapatao milioni moja wameguswa na mfumo wa shule za bweni za serikali, ambako hufundishwa karibu kila kitu kwa Kichina, mbali na wazazi. Serikali inasema ni elimu bora na ni hiari. Msomaji wa Biblia akisikia habari hiyo atakumbuka Danieli sura ya kwanza: vijana wanachukuliwa, wanapewa chakula cha mfalme, lugha ya mfalme na majina mapya. Nebukadreza naye angesema ni ufadhili wa masomo. Mwenye duka mmoja, Tashi Wangchuk, alizungumza na waandishi wa habari wa Marekani mwaka 2015 akiomba lugha ya Kitibeti ifundishwe shuleni. Akakamatwa mwanzoni mwa 2016, akahukumiwa miaka mitano. Hakutaka nchi igawanyike. Alitaka somo.

Na tangu 2009 Watibeti zaidi ya 150, watawa kwa walei, wamejichoma moto kupinga hali yao. Naandika hili kwa uzito. Uhai ni wa Mungu, na wala simsifu mtu kwa kuutoa hivyo. Lakini watu wanapofika hapo, aliye mbali asianze na hukumu.

Sasa nirudi kwa swali la mama wa Tabata, maana ni swali zuri na halijibiwi kwa kulizunguka.

Ningeweza kulifanya gumu zaidi. Padri Maurice Tornay alikuwa Mswisi, paroko wa Yerkalo, kijiji chenye kanisa Katoliki ndani ya Tibet. Mwaka 1946 watawa wa Kibudha wa eneo lile walimfukuza na kuwasumbua waumini wake wachache. Alijaribu kwenda Lhasa kumwomba Dalai Lama, aliyekuwa mvulana, awaruhusu Wakristo wale waabudu kwa amani. Agosti 11, 1949 alishambuliwa njiani na kuuawa pamoja na mtumishi wake. Waliomwua walikuwa watu wa nyumba za watawa. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1993.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba Tibet ya kale ilikuwa bustani ya uhuru. China ikisema kulikuwa na watumwa wa mashamba na mabwana wakubwa, si uongo wote. Lakini angalieni Tornay alikufa akienda kuomba nini. Alikwenda kuomba kitu kilekile ambacho Watibeti wanakiomba leo: wachache wasionekana kitu waachwe wasali. Kama ombi lake lilikuwa la haki mwaka 1949, haligeuki kuwa baya kwa sababu leo anayeliomba ni mjukuu wa waliomkatalia. Na kama tungesubiri mtu atutendee mema kwanza ndipo tumtetee, yule Msamaria wa Luka 10 angeendelea na safari yake.

Tena kuna Gamalieli. Matendo sura ya 5. Mitume wamesimamishwa mbele ya baraza, wakubwa wana hasira ya kuua. Anayesimama kuwatetea si mfuasi wa Yesu. Ni Farisayo, mwalimu wa sheria. Haungami imani yao wala hasemi mafundisho yao ni sahihi. Anawaambia wenzake waachane na watu hawa, kwa kuwa jambo likiwa la wanadamu litavunjika lenyewe, na likiwa la Mungu hawataliweza. Mitume walipigwa, lakini walitoka hai. Kanisa letu lilipokuwa changa liliokolewa siku ile na mtu wa imani nyingine aliyefungua mdomo. Sisi tumeshawahi kulilipa deni hilo?

Kumwombea Mtibeti nafasi ya kuabudu si kusema kwamba anachoabudu ni Mungu wetu. Ni kukubali kwamba imani ya kulazimishwa si imani, na kwamba aliyezuiwa kuwa Mbudha kwa hiari yake amezuiwa pia kuwa Mkristo kwa hiari yake. Mlango ni mmoja. Ukifungwa, Injili nayo imebaki nje.

Sisi Wamoravian tuna sababu ya ziada, na wengi hatuijui. Kanisa letu lilianzishwa upya na wakimbizi. Mwaka 1722 watu wa Moravia, waliokuwa wakiteswa kwa imani yao, walivuka mpaka usiku wakapewa hifadhi katika ardhi ya Zinzendorf, wakajenga Herrnhut. Kutoka huko wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891. Lakini miaka 35 kabla ya Rungwe wenzao walikuwa wameshafika Kyelang, kwenye milima ya India mpakani mwa Tibet, walikozuiwa kuendelea mbele. Hawakununa. Walijifunza Kitibeti, wakaandika kamusi, na Agano Jipya kwa Kitibeti likatoka 1885. Biblia nzima, kazi ya miaka mingi ya Yoseb Gergan, ilichapishwa Lahore mwaka 1948. Wakimbizi walipomiminika baada ya 1959, Mchungaji Mmoravian Eliyah Tsetan Phuntsog alifungua shule ya watoto wao huko Rajpur, kaskazini mwa India. Hakuwauliza kwanza kama watabatizwa.

Limebaki jambo moja ambalo najua wasomaji wa nchi hii watalileta: China ni rafiki yetu. Ni kweli, nami sitaki kulipunguza. Wakati wakubwa wa Magharibi walipokataa kutujengea reli ya kwenda Zambia, China ilikuja. Kilomita 1,860, kati ya 1970 na 1975. Pale Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina zaidi ya 60 waliofia nchi hii. Ukipita pale vua kofia. Na yule mwenye duka wa Kichina wa Kariakoo hajamfunga mtawa yeyote. Asitukanwe kwa ajili ya makala hii. Reli imefika hata Lhasa, tangu 2006, na bila shaka inawasaidia watu. Lakini mtu haishi kwa reli tu.

Askofu Mkuu Desmond Tutu alikuwa na urafiki wa namna hiyo wa kulinda. Chama kilichotawala Afrika Kusini kilikuwa chama cha ndugu zake, walioteseka pamoja naye. Oktoba 2011 alitimiza miaka 80 akamwalika Dalai Lama. Visa haikutoka, na watu wengi walijua ni kwa kuiogopa Beijing. Mzee yule alisimama mbele ya waandishi wa habari akatetemeka kwa hasira, akasema serikali hii ni mbaya kuliko ya makaburu, maana kwa makaburu angelitarajia. Dalai Lama akatoa mhadhara wake kwa njia ya video. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya nchi hiyo ilisema ucheleweshaji ule haukuwa halali. Tutu alimwamini Kristo mpaka kaburini, wala hakumficha alipoongea na rafiki yake Mbudha. Hakuona kwamba moja linazuia lingine.

Wala wanachokiomba Watibeti si kikubwa. Kwa miongo kadhaa Dalai Lama hajadai nchi huru; anaomba Watibeti wajiongoze katika dini, lugha na utamaduni wao wakiwa ndani ya China. Katiba ya China, ibara ya 36, inatambua uhuru wa kuamini. Yetu inafanya hivyo katika ibara ya 19. Wabunge wetu na viongozi wetu wa makanisa hukutana na wageni kutoka Beijing mara kwa mara. Mmoja wao angeweza kuuliza kwa adabu, chai ikiwa mezani: yule mtoto wa 1995 yuko wapi? Urafiki uliojengwa kwa reli hauvunjwi na swali hilo.

Jumatano hii nilipeleka haya yote kwenye jumuiya, kwa ufupi kidogo. Mama wa Tabata hakuridhika na kila kitu. Alisema habari ya sanamu bado anaifikiria, lakini mtoto aliyepotea ataomba kwa ajili yake, maana mtoto ni mtoto. Mzee akatoa daftari lake la maombi, lile lenye orodha ya wagonjwa na kesi za viwanja, akaniomba nimtajie jina herufi kwa herufi. Ilichukua muda. Aliliandika, akalisoma kwa sauti mara mbili, akauliza kama nimesema wazazi walichukuliwa naye.

Nikasema ndiyo.

Akaandika mbele yake, "na baba na mama yake," kisha akatuambia tusimame.